Wao "Injinia", mimi "mama": nadharauliwa au nimezidisha?

Swali: Nina miaka 34, ni mhandisi wa barabara. Timu yetu ina watu saba, mwanamke ni mimi peke yangu. Wenzangu wanaitana "Injinia" na jina. Mimi ni "mama", "dada", "mrembo", na juzi nimemsikia mmoja akimwambia mkandarasi kwenye simu, "Subiri, demu wetu anakuja na michoro." Nikilalamika naambiwa najisikia. Mume wangu anasema maneno ni maneno tu. Dada yangu naye kavuka mpaka: anadai hata "mwanamke" ni tusi, maana ndani yake mna "mwana", yaani mtoto, kwa hiyo tumeitwa watoto tangu enzi za mababu. Nani mkweli? Na jambo la mwisho: baba mkwe humwita binti yangu wa miaka mitano "mke wangu". Nalo nilikemee, au niliache?

Jibu:

Ndugu msomaji,

Mwanzo wa jibu hili nimeufuta mara tatu. Niliandika "Dada yangu", nikakumbuka ulichouliza. Nikaandika "Mama", mambo yakawa yale yale. "Bi." ingefaa, ila hukutaja jina, na "Bi." bila jina ni kofia bila kichwa. Nikaishia kwenye "Ndugu", neno ambalo Tanzania ya enzi za TANU ililitumia kwa waziri na kwa mkulima, kwa mwanamume na kwa mwanamke, bila kubadilisha hata herufi moja.

Nataja hangaiko hilo kwa sababu linashangaza ukilifikiria. Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Mwalimu, hakimu, fundi, daktari, rais: yote ni majina ya mtu yeyote. Ungedhani lugha ya namna hii imeepukana na tatizo lako. Wapi! Jinsia tuliyoifungia mlango mkubwa wa sarufi tumeipitishia mlango wa uani, na huko uani ndiko inakopikwa dharau unayoisikia.

Kwa hiyo, hujazidisha. Lakini dada yako kakosea, na mumeo kakosea zaidi.

Nianze na dada yako, maana kosa lake ni zuri, ni kosa la mtu anayefikiri. Kweli "mwana" ni mtoto. Ila "mwanamume" naye kambeba "mwana" huyo huyo, na hatujasikia wanaume wakilalamika kwamba wameitwa watoto. Mwananchi si mtoto wa nchi anayenyonya, mwanasheria hakuzaliwa na sheria. "Mwana" katika maneno hayo ni mtu wa kundi fulani, mmoja wao, na -ke na -ume ni mashina ya Kibantu ya zamani sana yanayotenga jike na dume. Basi.

Tena kuna kitu dada yako atakipenda. Katika pwani ya kaskazini, Lamu na Pate, "Mwana" lilikuwa jina la heshima la mwanamke mwenye hadhi, kama vile "Bwana" kwa mwanamume. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, hakuitwa hivyo kwa sababu ya utoto. Mwana Mkisi, ambaye masimulizi ya Mombasa yanamtaja kuwa mtawala wa kale wa mji ule, naye vivyo hivyo. Ukitaka kumchokoza dada yako mwambie "mwanamke" maana yake ni "bibi mtukufu wa kike". Si kweli, ila ni uongo wenye adabu kuliko wake.

Mwanamke, basi, ni neno safi. Linachafuka katika namna mbili. Ya kwanza ni likitumiwa kumwitia mtu usoni: "We mwanamke!" Hapo limekuwa kofi. Ya pili ni likichukua nafasi ya jina linalojulikana: "Muulize yule mwanamke wa michoro." Wanaofanya naye kazi miaka minne wanamjua jina. Zingatia hii ya pili, tutairudia.

Sasa mumeo. Maneno ni maneno tu? Nampa kisa kimoja cha Zanzibar. Mwaka 1897 ilitoka amri ya kuufuta utumwa kisheria. Mtumwa aliyetaka kuachiwa aliruhusiwa kwenda kudai uhuru wake. Lakini kulikuwa na wanawake waliokuwa wakiitwa masuria, watumwa waliofanywa wenza wa kitandani na mabwana zao, na hao hawakuingizwa katika ruhusa ile kama wengine. Walihesabiwa kuwa watu wa ndani ya nyumba, jamii moja na wake. Ilibidi wangoje hadi 1909. Wanawake wawili waliweza kununuliwa soko moja, siku moja, kwa bei moja. Mmoja akaitwa mjakazi, mwenzake suria, na tofauti ya maneno hayo mawili ikawa miaka 12. Neno ni kibao cha mlangoni: kinaeleza nani aingie, nani asimame nje.

Na kisiwa hicho hicho kinatupa kisa cha upande wa pili. Karibu mwaka 1880 alizaliwa Fumba mtoto wa kike akapewa jina Mtumwa. Alikua akitembeza vyungu vya kuuza, sauti yake ikimtangulia njiani. Akaingia mjini, akaimba taarabu, akabandikwa jina Siti, neno la Kiarabu la kumtukuza bibi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Leo kila mtu anamjua Siti binti Saad, na Mtumwa binti Saad ni mgeni hata kwa wajukuu wa majirani zake.

Maneno huhama, hilo ndilo linalotutatiza kila tunapotaka kuyahukumu. Chukua "bibi". Bibi Titi Mohamed alizaliwa 1926, na alipoanza kuwahutubia watu kwenye mikutano ya TANU katikati ya miaka ya 1950 hakuwa amefika 30. Kijana wa leo akilisikia jina lile anamwona bikizee mwenye mkongojo, kumbe "Bibi" ilikuwa heshima ya mwanamke mtu mzima. Leo Mtanzania akisema "bibi yangu ni mgonjwa" anamtaja nyanya yake, na Mkenya anamtaja mkewe, na nimeshuhudia chakula cha jioni kikipoa watu wakibishana nani hasa ni mgonjwa. Kwa hiyo sikupi orodha ya maneno mabaya na mazuri. Ukiibandika ukutani leo, itakuwa imeoza kabla ya karatasi kupauka.

Nitakupa kitu kingine, na hapa naomba univumilie, maana ni jambo ambalo sisi wa sarufi tunalipenda kuliko watu wote. Majina ya Kiswahili yamepangwa kwenye ngeli, na kila ngeli ina viambishi vyake: kiti kimevunjika, gari limekwama, mzigo umefika. Ila kuna upendeleo mmoja mkubwa. Mtu au mnyama, hata jina lake likiwa na sura ya kitu, hupewa upatanisho wa mtu. Kijana ana "ki" kama kiti, lakini husemi kijana kimefika. Kiongozi amehutubia. Kipofu anavuka barabara. Waziri, seremala, jirani, hakuna anayepatanishwa kama gari. Lugha imejiwekea sheria: ukiwa hai, unapewa a- yako.

Sheria hiyo huvunjwa kwa makusudi tu. Kaa kijiweni nusu saa, usubiri msichana apite. "Cheki chombo kile kinavyotembea." "Toto limeumbika lile." "Mzigo umeshuka." Hao ni vijana ambao pengine walifeli Kiswahili shuleni, na hawajakosea hata kiambishi kimoja. Wamemvua binti wa watu a- ya uhai, wakamvika ki-, li-, u-. Hakuna aliyewaagiza. Wanachokiona ni kitu, na sarufi imewafuata kitiifu. Sasa jaribu kuendeleza sentensi yao: "Chombo kile kina shahada mbili na kinadaiwa ripoti ya udongo." Umecheka? Sentensi haisimami. Ukitaka kutaja shahada lazima urudi mwanzo umtoe chombo, umweke mtu: "Yule dada ana shahada mbili." Chombo hakibebi shahada.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko hisia zangu mwenyewe. Sikiliza kiambishi. "Kale kadada ka michoro kamesema tuta libomolewe." Ka- ya bara ina upendo wake, mama akisema "katoto kangu kamelala" hakuna wa kulalamika. Ila ka- hiyo ikimwendea mhandisi aliyetoa amri ya kubomoa tuta, imemkunja ikamtia mfukoni. Amri yake nayo imekuwa ndogo. Huenda asubuhi ukalikuta tuta liko pale pale.

Wanaume nao hupata yao, tusiseme uongo. "Lile lijamaa limekuja tena" husikika kila siku. Lakini li- ya lijamaa ni ya hasira, au ya ukubwa wa mwili. Haimpeleki mtu sokoni. Na mitaa haijawanyima wanaume majina ya kuchomana: marioo kwa anayelishwa na mwanamke, danga kwa anayekamuliwa pesa. Angalia tu kitu kimoja. Marioo anachekwa kwa sababu gani? Kwa sababu amekaa mahali ambapo mwanamke angekaa bila kuchekwa.

Ukishaliona hilo, utaliona kila mahali. Dume na jike ni maneno pacha, ya mifugo yote mawili. Mwambie mwanamume "wewe dume!" atanyoosha mabega, "dume la mbegu" ni sifa anayoweza kuisimulia mwaka mzima. Mwambie mwanamke "wewe jike!" halafu utafute njia ya kutokea. Mwanamke akiwa shupavu tunamwazima sifa kutoka kabati la jirani: jikedume, amejikaza kiume. Mwanamume akiyumba tunampeleka upande wa pili: analia kike, na akihamia kwa mkewe, "ameolewa". Hata mikono. Mkono wa kulia unaitwa wa kuume, Wakristo hulitamka neno hilo kila wanapokiri imani, na wa kushoto wazee wengine waliuita mkono wa kike. Sitaki kulijengea nadharia kubwa. Ila ukijiuliza mkono upi hupokelea zawadi na upi huachiwa shughuli za chooni, unapata picha.

(Kuoa na kuolewa hukuniuliza, ila najua kuna watakaouliza. Ndiyo, mwanamume yuko kwenye kutenda na mwanamke kwenye kutendwa. Mimi binafsi halininyimi usingizi. Anayekereka ana "wameoana" na "wamefunga ndoa", ni Kiswahili fasaha, atumie.)

Pengo nalo ni neno. Mwanamke aliyefiwa na mumewe ni mjane. Mwanamume aliyefiwa na mkewe anaitwa mgane, na nina hakika nusu ya wasomaji wangu wamelisoma neno hilo sasa hivi kwa mara ya kwanza. Halikosekani kwenye kamusi, limekosa kazi. Mwanamke aliyeachwa ni mtalaka. Mwanamume aliyeacha, au aliyeachwa, anaitwaje? Mara nyingi huitwa kwa jina lake. Kwa mwanamke tumeweka alama ya kila kituo alichopita na mwanamume, na mwanamume amesafiri njia ile ile bila hata tikiti.

Nimehariri habari za magazeti miaka mingi, na huko ndiko nilikojifunza njia ya haraka kuliko nadharia zote hizi. Siku moja zililetwa mezani habari mbili za uteuzi, za mwandishi mmoja, kijana mwema kabisa. Ya kwanza: "Mhandisi huyo mwenye uzoefu wa miaka 20 anachukua nafasi…" Ya pili: "Mwanamama huyo mrembo, mama wa watoto wawili, anachukua nafasi…" Sikumwambia kitu. Nilichukua kalamu nikabadilisha ile ya kwanza tu: "Mwanababa huyo mtanashati, baba wa watoto watatu, anachukua nafasi…" nikamrudishia. Alisoma, akacheka mpaka akatoa miwani. Kisha akanyamaza. Akaichukua ile ya pili bila kuambiwa, akakata maneno saba. Wala hakuwa na chuki na wanawake. Hakuwa amewahi kusikia upande wa pili wa sentensi yake ukisomwa.

"Mwanababa" halipo, ukitaka kujua. Wala "mwanakaka". Wao hawalihitaji.

Tufike kwenye "mama" na "dada", maana hapo ndipo swali lako lilipo, na ndipo pagumu. Ningekuwa nakuandikia kwa lugha nyingine ningesema kataa yote mawili. Kwa Kiswahili siwezi. "Mama" ni neno lenye enzi. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021, haikupita muda nchi nzima ikawa inamwita Mama, na wengi waliolisema walilisema kwa kichwa kilichoinama. Waliomtangulia waliitwa Mzee, na wa kwanza tulimwita Baba wa Taifa. Ni familia ile ile ya maneno. Mwanamke asiye na mtoto hata mmoja huitwa mama na mtu mwenye mvi, na hakuna aliyekosewa. Dada hali kadhalika: kondakta anayesema "dada, sogea kidogo" kakuheshimu kwa namna pekee anayoijua kwa mtu asiyemjua.

Ila dada huyo huyo ndiye anayefagia. Katika nyumba nyingi za Tanzania msichana wa kazi huitwa "dada" na watoto, na mama mwenye nyumba, na wageni. Ukoo mzima unamwita dada, na baada ya miaka miwili wageni hawajui jina lake, na pengine watoto pia. Neno la undugu limefanya kazi ya pazia. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, na "mfanyakazi" ni neno baridi, halina undugu wowote, lakini lina mshahara ndani yake, na siku ya mapumziko. Dada haombi likizo. Kuna wakati neno baridi ndilo lenye heshima zaidi.

Waulize waliokuwa wakiitwa mama ntilie. Neno lenyewe ni sauti ya mteja aliyenyoosha sahani: nitilie. Mwanamke aliyeamka saa tisa usiku, akapanga bei na kukopesha mafundi nusu ya mtaa, akaitwa kwa amri anayopewa. Baadaye likaja "mama lishe", na "baba lishe" akafuata. Chungu ni kile kile. Lakini katika "ntilie" mwenye kusema ni mteja, na katika "lishe" kuna anayelisha. Mimi hapo naona tofauti, wewe je?

Kwa hiyo nikisikia "mama" ninajiuliza limewekwa mahali pa nini. Likiwekwa mahali patupu, ambapo hakuna jina wala cheo kinachojulikana, ni heshima. Likiwekwa juu ya cheo, kama "Mama Injinia", ni heshima pia, na pengine mapenzi. Likiwekwa badala ya cheo, huku wenzako sita wakipewa chao, limekunyang'anya kitu, hata kama aliyelitamka ametabasamu. Ndiyo ile namna ya pili ya kuchafua neno "mwanamke" niliyokuambia uizingatie. Kinachouma ni hesabu: sita wamepewa, mmoja kanyimwa.

"Mrembo" halinisumbui kulieleza. Linatokana na kuremba. Ni maoni kuhusu mwili wako yaliyogeuzwa kuwa jina lako. Mmoja wa wale sita akiitwa "mtanashati" kila asubuhi kabla ya salamu, kufika Jumatano atakuwa ameshaandika barua.

Na "demu"? Vijana wengi hulitumia bila nia mbaya, mabinti wenyewe hulitumia kati yao. Wanawake na maneno yao wakiwa peke yao ni jambo jingine; usimpime mtu kwa anavyoitana na shoga yake. (Shoga nalo lina mkasa wake. Lilikuwa neno tamu la mwanamke kwa rafiki yake wa kike. Lilipobandikwa wanaume likageuka tusi, na wasichana wakalikimbia lao wenyewe, wakajichongea "shosti".) Lakini itazame tena ile simu. "Demu wetu anakuja na michoro." Mkandarasi hajakuona. Alichopokea ni kwamba michoro inaletwa na msichana fulani, tena "wetu", kama gari la ofisi. Ukifika, atapokea karatasi, atakushukuru, kisha atampigia simu mwenzako kuuliza kipenyo cha kalavati ambacho umekikokotoa wewe. Neno limekwisha kufanya kazi kabla hujashuka kwenye gari. Mwulize mumeo kama hayo nayo ni maneno tu.

Ufanye nini? Usipigane na maneno yote, utachoka na watakuita majina mapya. Chagua mahali pawili. Mahali pa kwanza ni mbele ya watu wa nje: mkandarasi, mteja, diwani. Mchukue yule wa simu pembeni, wawili tu, umwambie hivi au kwa namna yako: "Tukiwa kwenye chai niite dada, sina neno. Mbele ya mkandarasi niite Injinia, kama unavyomwita mwenzako." Usimweleze ngeli wala historia ya Zanzibar. Akijibu "sawa mama", cheka, umemaliza. Wiki ijayo atajikwaa, atajisahihisha. Na wewe ukifika kwenye eneo la kazi usisubiri kutambulishwa. "Mimi ni Injinia fulani, michoro hii ni yangu, maswali niulize mimi."

Mahali pa pili ni kwenye maandishi. Chukua mihtasari ya vikao vyenu vitano vya mwisho uone umeandikwaje. Nimeona mihtasari yenye "Inj." sita na "Dada" mmoja, na mwandishi wake hakuwa na habari. Hapo huhitaji kulalamika wala kujisikia. Unasahihisha muhtasari kama unavyosahihisha kipimo kilichokosewa, kabla ya kikao kuuthibitisha. Karatasi ndiyo itakayosomwa siku ya kupandishwa vyeo, na hapo watu wa chai hawatakuwepo.

Nimebakiza babu. Babu kumwita mjukuu "mke wangu", na bibi kumwita mjukuu wa kiume "mume wangu", ni utani wa ukoo, una umri mkubwa kuliko sisi sote, na una kanuni: mtoto ana haki ya kujibu. Ndicho kitu ulichonyimwa wewe kazini. Sikiliza binti yako anajibuje. Akijificha nyuma yako na kununa, mwambie mzee kwa upole, ataelewa. Akisimama mikono kiunoni akamwambia, "Sikutaki, huna meno na hujanunua hata kanga," mwache mzee ajitetee mwenyewe.